Tunataka kumuenzi mwandishi wa redio aliyetusimamia huku Chemba. Tufanyeje bila kumharibia kazi?

Katibu_Chemba:

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa wote shikamooni.

Naandika kutoka wilaya ya Chemba, Dodoma. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima, wengi wetu akina mama. Tunalima mahindi, alizeti, ufuta na mtama. Kuna jambo limetugawa kwenye kikao nikaona nililete hapa, maana najua humu wamo waandishi wa habari na watu waliowahi kufanya kazi redioni.

Kuna kijana mmoja anaripotia redio ya Dodoma mjini. Jina lake silitaji kwa kuwa sijamuomba ruhusa. Si mtangazaji anayejulikana, ukilitaja jina lake pale Sabasaba sidhani kama kuna atakayegeuka. Hana ajira, analipwa kwa habari iliyokwenda hewani, isiyokwenda hewani hailipwi. Huku kwetu anapanda basi la Kondoa, anashuka barabarani, anachukua bodaboda kwenye vumbi, na nauli hiyo mara nyingi inatoka mfukoni mwake mwenyewe.

Tulimfahamu mwaka 2016, mwaka wa sumukuvu. Waliokuwepo huku wanaukumbuka. Mahindi mapya yameshaingia ndani, watu wakaanza kuumwa tumbo na kutapika, macho yanageuka manjano, matumbo yanajaa maji, na walioumia zaidi walikuwa watoto. Nyumba moja wanaumwa watatu, ya jirani hakuna hata mmoja. Kwa hali hiyo mnajua maneno gani yanaanza: fulani kamroga fulani, kisima kimetiwa kitu. Vipimo vilipotoka ndipo ikajulikana ni sumu ya ukungu kwenye mahindi. Hesabu iliyokuja kuandikwa baadaye kwa Dodoma na Manyara ni wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Wageni walikuja wengi wakati ule, magari yenye nembo za kila aina. Huyu kijana alikuja na begi mgongoni na kinasa sauti. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya. Alifika kwa jirani yangu aliyekuwa amefiwa na mtoto. Hakumsogezea kinasa mdomoni kama wengine. Aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, akatoa pole, akanyamaza muda, halafu akamuomba kama anaweza kumwonyesha mahindi yenyewe. Mama akaleta ungo. Wakaanza kuchambua pamoja, punje moja moja: hii safi, hii imetobolewa na mdudu, hii ina ukungu wa kijani pale kwenye kiini. Akamuuliza yalikaushwa wapi. Chini, juu ya udongo. Yalipukuchuliwa yakiwa yamekauka? Hapana, njaa ilikuwa inatukimbiza. Yote hayo kwa sauti ya chini, na kinasa kimewekwa juu ya mfuko wa salfeti pembeni yao.

Kipindi kilipotoka, sauti tuliyoisikia kwanza ni ya mwenzetu huyo akieleza ile punje ya kijani, ndipo akafuata daktari. Mama aliyefiwa ndiye aliyetufundisha. Nyumba za karibu yetu maneno ya uchawi yalipoa baada ya hapo. Wauguzi na maofisa wa afya walifanya kazi kubwa sana na siwezi kuwaondolea haki yao, lakini wao hawakuweza kuingia kila nyumba jioni moja. Redio iliingia.

Tangu hapo kila msimu wa mavuno ukikaribia anatupigia: maturubai mmeshaandaa? Na kipindi chake kinarudia mambo yale yale hadi watoto wameyashika. Usianike chini. Usipukuchue bila kukausha. Punje mbovu usimpe hata kuku. Alitufundisha hewani na jaribio la chumvi: unaweka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaacha kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Chupa hiyo sasa ipo karibu kila nyumba ya mwanakikundi wetu.

Kuna na mengine. Lumbesa, ile gunia linalojazwa kupita kipimo, alishaisemea sana. Na pampu ya kisima chetu ilipokufa, ofisi moja ikawa inatupiga danadana, leo fundi yuko safari, kesho kipuri hakijafika. Aliipigia simu wakiwa hewani, akauliza kwa adabu kabisa kipuri hicho kinaitwaje na kimeagizwa tarehe ngapi. Fundi alikuja.

Sasa kikundi kimesema tumshukuru. Pesa kidogo tumechanga. Wazee wanataka mbuzi, kitenge kwa mke wake, na pesa kwenye bahasha tumkabidhi kimyakimya akija. Wengine wanataka sherehe, tumwite mkuu wa wilaya, apewe cheti na ngao. Mimi moyo unasita kwenye bahasha lakini nashindwa kuwaeleza wazee kwa nini, maana kwetu mtu aliyekutendea wema humuachi aondoke mikono mitupu.

Naomba mnisaidie. Inaruhusiwa? Kuna tuzo ya kitaifa ambayo wanakijiji tunaweza kumpendekeza? Na ninyi mlioko kwenye kazi hiyo, semeni kweli: ni kitu gani kingewagusa kutoka kwa watu kama sisi?

Kalamu_Makole:

Marahaba mwanangu. Nimeripoti kutoka Dodoma tangu enzi za kutuma habari kwa faksi, sasa nimestaafu, na nimesoma andiko lako nikaliweka nikalirudia. Wasikilizaji wanaokumbuka mwandishi alikaa wapi na aliuliza nini ni wachache mno.

Bahasha acheni. Waambie wazee hivi: fani hii imeumizwa sana na mtindo wa kuitwa warsha hotelini, mwisho wa siku unasaini karatasi ya nauli, na kesho habari inatoka kama mwenye warsha alivyotaka. Wahariri wanalijua hilo, na wasikilizaji pia. Siku mtu akimuona huyo kijana anapokea kitu kimyakimya nyuma ya ghala, hataambiwa kwamba hawa ni wakulima wa ufuta wanaoshukuru. Atasema kanunuliwa, na kazi yote aliyowafanyia, ikiwemo ile ya pampu, itatiliwa shaka kwa kurudi nyuma. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, baraza ambalo waandishi na wenye vyombo waliliunda wenyewe mwaka 1995, zinamtaka mwandishi asipokee zawadi inayoweza kumyumbisha. Mkimpa hadharani mbele ya wote ni afadhali, lakini hata hapo pesa taslimu iondoeni.

Kitakachomsaidia kuliko mnavyodhani ni barua. Iandikeni kwa mhariri au mkurugenzi wa kituo chake, nakala kwa klabu ya waandishi ya mkoa, yaani CPC. Msiandike "anafanya kazi nzuri". Andikeni kama ulivyoandika hapa: mwaka, msimu, kipindi kilisema nini, na kijijini kikabadilika nini. Kijana anayelipwa kwa habari moja moja hana kitu cha kushika siku akikaa mbele ya bosi kuomba mkataba. Barua yenye sahihi za wasikilizaji ni kitu cha kushika.

Kuhusu tuzo, kubwa tunayoijua ni EJAT, Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari, iliyoanza mwaka 2009 chini ya Baraza hilo hilo. Kazi inapelekwa na mwandishi mwenyewe, iwe kweli imechapishwa au kurushwa katika mwaka unaoshindaniwa. Kwa hiyo ninyi hamwezi kumjazia fomu, ila mnaweza kumwambia ajaribu. Wengi wa mikoani hawapeleki kabisa, wanaona tuzo ni za watu wa Dar es Salaam. Wekeni na kumbukumbu: tarehe, saa, jina la kipindi. Rekodi za vituo vidogo zinafutwa ovyo kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta.

Niongeze moja ambalo limenikaa. Sisi tunajua kuenzi tukishazika. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, baadaye UTPC, muungano wa klabu za waandishi nchini, wakaanzisha tuzo yenye jina lake, na ni haki kabisa. Wafanyakazi watano wa Azam Media walifariki kwenye ajali Julai 2019 barabara ya Singida kwenda Igunga, wakiwahi kurusha matangazo Chato. Nchi nzima ililia. Mpigapicha wa mkoani anayepanda roli la vitunguu kurudi mjini usiku ili habari iwahi, huyo nani amemwandikia hata mstari mmoja?

Na hapa Dodoma pana tatizo letu wenyewe. Bunge likikaa, kila mwenye kamera yuko pale. Wizara ziko Mtumba, kwenye mji wa serikali, habari ya waziri haikuchoshi miguu, unaletewa na picha. Kijana mwenye umri wa kutafuta jina akiamua kuacha yote hayo aende Chemba kuuliza habari za kipuri cha pampu, amejinyima. Hilo nalo liandikeni kwenye barua.

FundiMnara:

Mimi ni fundi mitambo wa redio ya jamii, kanda hii hii ya kati. Naunga mkono mzee Kalamu, lakini naomba kituo msikisahau. Mwandishi hata awe mzuri namna gani, mlingoti ukizima hamtamsikia.

Watu hawajui redio ndogo inaishije. Kuna ada ya leseni TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, kuna luku, kuna mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Mvua za kwanza zikija na radi, mimi silali kituoni ila nalala na viatu, maana radi moja ikipita kwenye waya inaondoka na transmita, na kipuri chake hakiuzwi Majengo. Matangazo ya biashara kubwa yanakwenda vituo vya Dar es Salaam. Sisi tunabaki na matangazo ya vifo, mnada, mbuzi aliyepotea, na mradi ukija wenye bajeti ya vipindi tunapumua, mradi ukiisha tunarudi pale pale.

Kwa hiyo pesa mliyochanga, nashauri hivi. Nendeni kituoni, mdhamini kipindi cha kuanika na kuhifadhi mahindi msimu ujao. Lipeni mapokezi, pewa risiti, na itangazwe wazi kabisa: kipindi hiki kimedhaminiwa na kikundi cha wakulima fulani, Chemba. Ulizeni na nauli ya mwandishi iwe ndani ya bajeti hiyo. Hapo mmemwezesha kuja bila kumwekea kitu mkononi.

Tena anzisheni kikundi cha wasikilizaji chenye siku na saa yake. Marehemu baba yangu alikuwa kwenye kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Watu zaidi ya milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi wiki 12, wanasikiliza Redio Tanzania, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanainuka kwenda kuchimba vyoo. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi na daftari lake alilitunza hadi anaingia kaburini. Mtangazaji akijua kuna watu 20 wamekaa chini ya mti wanamsubiri na kesho watampigia kumuuliza, kazi yake inabadilika. Nimeliona hilo kwa watangazaji wetu. Wanasoma kabla ya kuingia studio.

Mnyaturu_wa_Mungumaji:

Dada Katibu, hongera kwa moyo huo. Mimi nitasema upande ambao hamjausema, na nakuomba usinielewe vibaya.

Kwetu Singida kulikuwa na mwandishi mzuri sana, anayetetea wakulima. Chama kimoja cha ushirika kikampenda, kila mkutano anaalikwa, anapewa kiti cha mbele, anavishwa kitenge, anaitwa mwanetu. Baadaye fedha za wakulima kwenye chama hicho zikaanza kuchelewa, watu wakauza ufuta na hawajaona malipo miezi. Tulimpigia. Alituambia ataangalia. Hakuandika hata mstari. Sidhani kama alihongwa hata shilingi. Nadhani aliona aibu kuwageuka watu waliomkalisha mbele.

Swali langu kwako ni moja. Siku wanachama wako wakimpigia simu kwamba katibu na mwenyekiti hawajasoma mahesabu, atakuja? Na akija, mtampa kiti au mtamwambia baada ya yote tuliyokufanyia? Mkilijibu hilo vizuri kikaoni, muenzini mnavyotaka.

Kalamu_Makole:

Mnyaturu, hilo ni swali ambalo kila mwandishi wa wilayani analala nalo. Mwandishi wa mjini akimuudhi mtu hakutani naye tena. Wa wilayani anakutana naye dukani, msikitini, kanisani, na mtoto wake anasoma na mtoto wa mwenyekiti. Ndiyo maana namheshimu huyo wa wilayani zaidi.

Katibu, mbuzi msimfungashie. Lakini kula chakula ambacho kijiji kizima kinakula, hilo halina ubaya.

Katibu_Chemba:

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza tukae kikao. Majibu yenu nimewasomea wanachama kutoka kwenye simu, yote, na la Mnyaturu nimelisoma mara mbili kwa sababu wazee walitaka lirudiwe.

Nianze na hilo. Palitokea ukimya, kisha mama mmoja mtu mzima, ndiye yule wa ungo niliyewaeleza, akasema: mimi alinikalia nje ya jiko siku nina msiba, na hakunificha kwamba mahindi yangu ndiyo yaliyomuua mwanangu. Kama aliweza kunieleza mimi hilo, atashindwaje kueleza mahesabu ya kikundi? Hakuna aliyeongeza neno. Tulikubaliana kwamba mkutano wetu wa mwaka wa kusoma mahesabu, tutamwalika yeye na redio yake waje na kinasa, daftari la fedha likiwa mezani wazi, na mwanachama yeyote aulize mbele ya kinasa hicho. Mimi ndiye ninayeliandika hilo daftari na nimekubali. Tumeiandika kwenye muhtasari na wanachama wametia sahihi na dole gumba.

Bahasha imeondoka. Mzee aliyeipendekeza ndiye aliyesema iondoke, baada ya kusikia maelezo ya mzee Kalamu kuhusu kazi ya pampu kutiliwa shaka. Alisema hataki mtu aseme fundi wetu alikuja kwa hongo.

Pesa iliyochangwa tunaipeleka kituoni kudhamini kipindi, kama FundiMnara alivyoshauri. Nimepiga simu mapokezi, wakaniambia bei, haitoshi kwa msimu mzima ila inatosha kwa wiki za mwanzo wa mavuno, ambazo ndizo zenye hatari zaidi. Tutaongeza tukiuza ufuta. Kikundi cha wasikilizaji kinaanza, na tumepata redio ya sola kwa mwanachama mmoja. Mkuu wa wilaya tumeona tusimsumbue kwa sasa. Wenyewe tumesema siku hiyo iwe ya wasikilizaji, na hotuba zikiwa nyingi akina mama hawatapata nafasi ya kusema. Mbuzi atachinjwa, mlenda na ugali wa mtama vipo, tutakula wote na yeye atakula kama sisi. Itakuwa tarehe 13 Februari, ambayo nimeambiwa ni Siku ya Redio Duniani. Huku Februari ni palizi, watu wapo, hawajasafiri.

Barua tayari imeandikwa kwa mkono, kurasa tatu. Ya pampu imo. Ya chumvi imo. Mama wa ungo ameomba sehemu yake iandikwe kwa maneno yake na isirekebishwe, nami sijairekebisha.

Nimebakiwa na mambo mawili. Mzee Kalamu, nakala ya klabu inahitaji muhuri wa serikali ya kijiji au sahihi zetu zinatosha? Na kuna yeyote Dodoma, Kondoa au Babati aliyerekodi kwenye simu au kaseti vipindi vya redio vya kuhusu sumukuvu kati ya Juni na Novemba 2016? Kituoni wanasema vya mwaka huo havipo tena. Mwenye navyo, hata kipande kibovu chenye kelele, aniandikie hapa, nitakuja kukichukua mwenyewe.